Mnene Ndani ya Bakuli la Wageni

Zamani mama yangu alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la chai. Meneja yule alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia vyombo: bakuli kubwa la supu na mabakuli madogo sita, yote meupe, yenye maua ya samawati ukingoni. Mama hakuwahi kula ndani yake. Yalikuwa ya wageni. Nilipoolewa huku upande wa Kapkatet niliyarithi pamoja na sheria yake, nikayaweka kwenye kabati la vioo sebuleni. Yametoka humo siku chache sana. Hata siku tuliyomzika mume wangu niliyatoa, watu wakawa wengi mno, tukapakulia kwenye sahani za plastiki, mabakuli yakarudi makavu.

Nina mtoto mmoja tu, binti. Alipopata kazi ya uuguzi ng'ambo aliniachia mmea wake kwenye mkebe wa rangi. Majani yake yalikuwa manono, yamejaa maji ndani, yamejipanga mviringo kama kabichi changa. Yeye aliuita sakulenti. Mimi niliuita mnene, na jina likashika.

"Mama, huyu usimmwagie maji kila siku," aliniambia gari likimngoja. "Msahau tu. Ukimsahau ndio anaishi."

Mtu anaondoka kwenda mbali namna ile, halafu ananifundisha kusahau.

Kila Jumapili nikishatoka kanisani alinipigia simu ya video, na swali la kwanza lilikuwa lilelile: mnene anaendeleaje? Nilielekeza simu dirishani, akamtazama, akacheka, tukapata pa kuanzia. Baada ya hapo ilikuwa ng'ombe, mvua, nani amejifungua, kisha kimya. Kazi yake siielewi, na yangu aliikimbia. Bila mnene hatukuwa na mengi ya kusemezana, na nilijua hivyo.

Sasa, mimi si mtu wa kufundishwa kupanda. Nimelea kitalu cha chai miaka mingi, na watu wametoka hadi Kiptere kuja kuchukua miche kwangu. Tawi la chai ukishalikata unakimbia nalo. Unakata kipande chenye jani moja, unakitumbukiza kwenye ndoo ya maji kabla hakijanyauka, unakichomeka kwenye udongo wenye unyevu, unamwagilia, unafunika nailoni juu ya fito na kukiacha humo kijitoe jasho wiki nyingi. Kikikauka hata kidogo umekipoteza. Hiyo ndiyo elimu yangu, na haikuwa imewahi kuniangusha.

Kwa hiyo mnene alipoanza kurefuka shingo kwa kukosa jua, msimu wa mvua, niliamua kumzidisha. Binti alikuwa ameahidi kuja Desemba, nami nilitaka akute kumi. Ilikuwa Jumamosi, nimeosha mabakuli ya wageni na kuyaanika mezani. Nikamkatakata mnene hapohapo pembeni, jani moja moja, hadi shina. Nikaloweka, nikachomeka, nikamwagilia, nikafunika nailoni. Nilirudisha mabakuli kabatini nikiimba.

Baada ya wiki mbili niliinua nailoni, harufu ikanipiga. Vyote vilikuwa vimeoza, vyeusi, laini kama ndizi iliyopondeka. Sikuwa nimebakisha hata kipande cha akiba, kwa sababu kitalu changu hakijawahi kuhitaji akiba.

Jumapili hiyo nilimwambia binti mnene yuko nje anaota jua. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba yeye mwenyewe aliisikia. Jumapili iliyofuata nikasema mtandao ni mbaya, nikafunga kamera. Niliogopa. Niliogopa kwamba siku atakapojua mnene amekufa hatakuwa na cha kuulizia, na simu zitafupika, kisha zitaruka wiki, kisha nitakuwa mama wa kupigiwa Krismasi.

Desemba ilipofika nilifungua kabati nimwoshee mabakuli. Katika bakuli moja palikuwa na jani. Lilikuwa limedondoka ile Jumamosi nikikata, nami kwa haraka yangu nikalifungia humo. Lilikuwa limekunjamana, lakini kwenye kitako chake palikuwa na mizizi myembamba ya waridi, na juu ya mizizi mnene mdogo, saizi ya harage. Hakuwa na udongo wala tone la maji. Hakuna aliyemtunza. Nilikasirika kabla sijafurahi. Kisha nikakaa kwenye kiti cha mume wangu nikalia.

Nikatia changarawe za barabarani na vumbi la makaa ndani ya bakuli lilelile, nikamlaza juu. Mikono ilinisumbua kwa hamu ya kumwagilia, nikaenda kuchuma chai. Jumapili binti akapiga: kazini wamemnyima ruhusa, labda mwakani. Nikasema ni sawa. Haikuwa sawa.

Mwaka uliofuata ndipo nilipojifunza. Jani la mnene unaling'oa, unaliacha kwenye gazeti hadi kidonda chake kikauke, ndipo unalilaza kwenye mchanga, na hata hapo unakwenda zako. Nilipanda bakuli la pili, la tatu, la nne, mwisho nikajaza lile kubwa la supu. Jirani yangu, mama tunayechuma naye chai, alisimama mlangoni akayaangalia.

"Mama, si hivi ni vyombo vya wageni?"

"Wageni gani?" nikamuuliza. Akaingia, akakaa, akanywa chai kwenye kikombe cha kawaida.

Jumapili iliyopita, baada ya mwaka mzima wa visingizio na kamera iliyofungwa, nilichoka kudanganya. Nikaelekeza simu dirishani, nikamweleza binti yote: nailoni, uozo, jani la kabatini. Alicheka mpaka akafunika uso. Halafu akasogea karibu na kamera.

"Mama, hizo si bakuli za kogo?" Kogo ni bibi, yaani mama yangu.

"Ndizo."

"Sasa nikikuja tutakulia wapi?"

"Wewe kuja kwanza."

Akaangalia saa. Nyuma yake niliona ukuta mweupe usio na kitu. Akasema zamu yake inaanza, tukaagana.

Sikumwonyesha kabati. Humo nimebakisha mabakuli mawili ambayo hayajaguswa na udongo. Nayaosha kila Jumamosi, nayafuta, nayarudisha yakiwa mawili.