Bi Sauti na bei ya ng'ambo ya barabara

Saa tatu na nusu asubuhi kengele inalia katika ukumbi wa soko la hisa. "Nauza! Hisa za saruji, nauza!" anapaza sauti mwanamke mwenye koti jekundu, viganja vyake vimewaelekea wenzake. Kiganja nje unauza, kiganja ndani unanunua. Wanamwita Bi Sauti, na ukisimama karibu yake masikio yatakuambia kwa nini.

Madalali wa kampuni mbili kubwa wanatazama dari. Bei walishapatana kwenye chai: mia tatu kwa hisa, basi. Ndiyo mazoea ya hapa, maana mwenye hisa hakuwa na pengine pa kwenda.

Sasa anapo. Tangu mwaka jana sheria imefungua soko, na ng'ambo ya barabara, juu ya duka la viatu, kuna mtambo mwingine wa mauzo, wa kompyuta. Wanunuzi wake hawajuani, kwa hiyo hakuna wa kunywa naye chai.

"Walidhani kompyuta ikija nitalia," ananiambia Bi Sauti. "Nilie nini? Kompyuta haijanikosea. Walionikosea ni hawa wenye vikombe!"

Hisa za leo ni za mwalimu mstaafu, mjane anayetaka kuezeka nyumba yake. Ameketi kwenye benchi la wageni, mkoba mapajani. Hatimaye dalali mmoja anafungua mdomo: "Mia tatu, Bi Sauti. Chukua, dada, tusichoshane."

Bi Sauti anamgeuzia mgongo. Ukumbini humu, kugeuza mgongo ni kuikataa bei ya mtu hadharani, na wengi hawathubutu. "Mwalimu, inuka. Tunavuka barabara."

Mwenyekiti wa ukumbi anawahi mlangoni. "Ukitoka na mteja, kiti chako nampa mwingine. Nilishakuonya, mama."

"Mpe," anajibu bila kupunguza mwendo. "Ila mwambie mguu mmoja unayumba."

Kiti hicho amekikalia miaka kumi na tisa. Bila kiti huruhusiwi kupiga bei ukumbini, na bila kupiga bei hakuna ujira. "Usiandike kwamba siogopi," ananiambia kwenye ngazi. "Naogopa sana. Binti yangu wa mwisho bado yuko chuoni. Lakini nimechoka kuuza jasho la watu kwa bei ya chai."

Juu ya duka la viatu, hisa za mwalimu zinauzwa kwa mia tatu arobaini na mbili. Mwalimu anamkumbatia.

Tunaporudi, kiti kimeondolewa kweli. Bi Sauti anasimama kizingitini, anavuta pumzi. "Saruji ng'ambo ya barabara, mia tatu arobaini na mbili!"

Kwenye benchi la wageni wenye hisa wengine wanaanza kushika mikoba yao. Yule dalali wa mia tatu anaruka: "Jamani, kaeni! Mia tatu arobaini na tano!"

Bi Sauti anacheka mpaka anashika ukuta. Sasa anataka kuomba leseni yake mwenyewe, auze pande zote mbili. Ikichelewa je?

"Nitakuwa hapa mlangoni kila asubuhi," anasema. "Waje wanizibe mdomo, tuone watahitaji watu wangapi."