Pagola ya Baba

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza imla. Lakini kusema mbele za watu kunanishinda kabisa, ndiyo maana naandika.

Miaka michache baada ya uhuru, baba alirudi nyumbani kwetu karibu na Nyaramba. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja katika mashamba ya chai huko Kericho. Alirudi na koti kuukuu la tajiri wake, na hamu ya kitu alichokiita pagola. Unasimamisha nguzo za mkaratusi, unalaza fito juu bila nyasi wala bati, kisha unaacha mmea utambae uwe kivuli. Yeye alichagua pasheni.

"Baba watoto, iweke mbele, karibu na mparachichi," mama alimwambia.

"Mbele ni kwa magari na mbwa. Mzungu hupumzika nyuma."

"Na magari yako yako wapi?"

Baba akachimba mashimo nyuma.

Kwetu nyuma ya nyumba ni kwa wanawake. Ndiko tulikoanika nguo na kuogesha watoto, na ndiko njia ya choo ilikopita. Kaka yangu alikuwa ameoa karibuni, na nyumba yake ilikuwa hapo hapo chini kidogo. Mke wake hangeweza kupita mbele ya baba mkwe akielekea chooni. Haya hiyo tunaiita chinsoni, na wazee wa rika la baba nao wamo. Baba alilijua jambo hili kabla sijazaliwa. Sijui Kericho ilimsahaulisha vipi.

Pasheni ilipofunika fito, wazee wakaanza kuja kila Sabato baada ya kanisa. Nilidhani wanapenda kivuli. Kumbe walipenda kujificha, kwa kuwa kanisa letu linakataza tumbaku na mtu aliye barabarani hakuweza kuwaona. Walinusa ugoro, wakapiga chafya, wakapangusa pua kwa vidole na vidole kwenye nguzo. Walitafuna miwa na kutema makapi miguuni pao. Matunda yaliyoiva yalianguka, wakayakanyaga, nzi wakajaa. Jumapili ni mimi niliyefagia. Ufagio ulinata, nami nilibana pumzi mpaka kichwa kikauma.

Wakati huo wote mke wa kaka alikuwa amejifungia ndani. Alikuwa mja mzito, miezi ya mwisho, na mnajua mwanamke wa hali hiyo hawezi kujizuia sana.

Sabato moja alinivuta mkono. "Mdogo wangu, wameondoka?"

"Bado. Wanaongea habari za ng'ombe."

"Chungulia tena."

Nikachungulia. "Mmoja amesimama."

"Anaenda?"

"Hapana, anajikuna."

Alicheka, kisha akashika tumbo na kicheko kikageuka kilio. Nilimpa mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, nikageukia ukuta. Alipomaliza alisema angekufa kama mkebe ule ungekaa ndani, kwa hiyo nikaufunika kwa jani la mgomba, nikatoka nao. Njia ilikuwa ile ile moja, kando ya pagola.

Mzee mmoja mnene, mwenye suruali nyeupe ya kanisani, aliniita. "Msichana! Huo uji unampelekea nani? Hebu tuonjeshe!"

Wote wakacheka. Niliinamisha kichwa. Mkebe ulikuwa na joto mikononi mwangu. Nikainua macho kidogo nimwone baba, nikidhani ataelewa. Naye alikuwa akicheka, kamasi nyeusi ya ugoro imemshuka hadi mdomoni.

Nilimwaga mkebe chooni, kisha nikatapika.

Jioni nilimweleza mama, neno moja moja. Ijumaa iliyofuata, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, alichota kinyesi cha ng'ombe, akakichanganya na majivu na maji mengi. Akakandika sakafu yote ya pagola, akapaka na kwenye viti, vile vya udongo ambavyo baba alivijenga. Mvua ya usiku ikazuia kukauka.

Mchana wazee wakaja. Yule mnene hakutazama, akaketi kwa uzito wake wote. Ilitoka sauti ambayo sitaiandika.

"Pole, mzee wetu," mama alisema toka mlangoni. "Nilitaka muwe mahali safi."

Baba alimtazama mama, kisha akatazama mlango wa kaka uliofungwa. Akatazama na njia ya choo. "Twendeni mbele," akasema polepole. "Kuna mparachichi."

Mbele kuna barabara, na ugoro haukutoka mfukoni. Hawakukaa sana. Mke wa kaka alipita nyuma akitembea taratibu, mkono kiunoni, jua likiwa bado juu.

Mama aliendelea kukandika kila Ijumaa mpaka mtoto alipozaliwa, na baba hakumuuliza sababu. Pagola ilibaki ya kuku. Mimi pasheni sili hadi leo. Harufu yake tu inanirudishia ule mkebe.

Kwenu je, nyuma ya nyumba ni kwa nani? Niandikieni. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitaisoma kila barua hadi mwisho.