Salamu za Rafiki wa Mjomba

Mimi huandika hadithi fupi, na katika hadithi za vita msimulizi ninayempenda kuliko wote ni mwongo. Simzungumzii mwongo wa kutapeli watu. Namzungumzia yule anayekusimulia vita kwa vichekesho, ukacheka naye mpaka mwisho, ndipo ukagundua kwamba kuna siku moja ameiruka. Wenzangu wa Dar es Salaam wanasema mambo haya hufundishwa vyuoni. Waseme watakavyo. Mimi nimeyajua Baleni, kijijini kwetu kisiwani, kwa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mpishi wa jeshi katika vita vya Kagera. Ukimkuta anafua nazi nyuma ya nyumba huna haja ya kumwomba, atakusimulia tu risasi ilivyotoboa sufuria ya maharage, na yeye na rafiki yake, kijana wa Tabora, wakaziba tundu kwa ugali, jeshi likala. Kesho maharage yamekuwa nyama ya mbuzi. Keshokutwa matundu ni mawili, na ofisa mzima kajificha chini ya meza. Hatukumbishia hata siku moja, maana kila mara ilizidi kunoga. Mwisho tu ndio haukubadilika: rafiki yupo Tabora, anauza asali, mambo yake mazuri. Mara kwa mara mjomba hutoka na simu kutafuta mtandao kule minazini, akarudi na salamu. Mkaza mjomba, yaani mkewe, asiyekubali kushindwa kwa adabu, hujibu papo hapo: "Mwambie nasi tunamsalimu. Na wanawe hawajambo?"

Kazi hii yangu inataka umbea, na mimi ninao. Niliona kwamba rafiki huyo hajawahi kupiga simu yeye. Nikaandika hadithi ya mpishi anayechekesha watu ili asiseme kwamba mwenzake aliuawa. Nilipoimaliza nilifurahi mno, kisha nikaingiwa na hofu. Nisingeweza kuichapisha kabla mjomba hajaisikia, na nikimsomea huenda nikamnyang'anya kitu kinachomfanya alale usingizi. Nikaazimia: akichukia, naichana.

Nikaenda Baleni baada ya swala ya Ijumaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini?"

"Uongo."

"Karibu, hapa ndipo kwao."

Nikamsomea, yeye akiendelea kufua nazi kwenye kifuo, ule mti wake uliochongoka. Kwenye kisa cha sufuria alicheka, akataka tundu niliongeze ukubwa. Nilipofika pale mwenzake anapoanguka, akaikita nazi kwenye kifuo na mikono ikatulia hapohapo. Nikasoma hadi mwisho.

"Huyu mtu wako anadanganya kweli," akasema.

"Umemchukia?"

"Nimchukie kwa nini? Anapika vizuri." Akacheka, kisha akafuta macho bila kujificha. "Ipeleke. Lakini ningoje kwanza. Watu wa hapa wasije wakaisoma kabla sijasema mwenyewe."

Nikangoja, nami sikuumbiwa kungoja. Mwezi wa Shaabani ikasomwa hitima nyumbani kwake, kama kila mwaka kabla ya Ramadhani. Wanaume walikaa barazani, sisi wanawake tukawa uani na pilau. Kabla ya dua mwalimu huuliza wa kuombewa, na kila mtu hutaja marehemu wake. Mjomba akawataja wazazi wake na kaka yake. Kisha akamtaja rafiki yake, kwa jina lake na la baba yake.

Mkaza mjomba akaachia mwiko. "Inna lillahi! Lini? Juzi tu kaniletea salamu zake!"

Wote wakadhani msiba ni wa jana. Dua ilipoisha wakamwendea mmoja mmoja kumpa mkono, pole sana, Mungu amrehemu. Nilichungulia mlangoni nikiuma kanga nisicheke, maana mzee mmoja alikuwa anauliza kama boti ya kesho itawawahisha mazishini Tabora.

"Aliugua nini?" mwingine akauliza.

Nikatega masikio. Mjomba nilimjua, ugonjwa wa kumtungia angeupata upesi.

"Hakuugua," akasema. "Alipigwa risasi, vitani, tukiwa vijana. Nilimshika mimi."

Nikaogopa watamsuta kwa kuwadanganya miaka yote hiyo. Yule mzee wa safari ya Tabora akainuka tena, akampa mkono mara ya pili, akampa pole upya kana kwamba ile ya kwanza haikuwapo. Wengine wote wakamfuata.

"Ahsanteni," mjomba akasema. "Pole ya mtu huyu sikuwahi kupewa."

Mkaza mjomba alikuwa analia huku anacheka, akimtukana mumewe kwa kumfanya amwulize maiti hali ya watoto wake. Nilimpenda sana siku ile. Akajipangusa uso, akabeba sinia la kwanza mwenyewe, akalitua mbele ya mumewe pale katikati ya wanaume.

"Haya, kula," akamwambia. "Halafu utuambie alikuwa mtu wa namna gani."