Kumfundisha Mama Kupokea Simu

Ukimnunulia mzazi wako simu, usianze na kitufe cha kijani. Mimi nilianza na kitufe cha kijani, nikajiona mwalimu hodari, na nusura mama na simu yake wanitie wazimu.

Nilikuwa fundi cherehani Mikumi, kibanda changu kikitazama barabara kuu ya kwenda Iringa. Minara ya simu ilifuata barabara hiyo kama wachuuzi wanavyofuata mabasi, kwa hiyo sisi wa Mikumi tulipata mawasiliano mapema, na maringo yake mapema zaidi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu ruksa. Mitumba ilikuwa imeingia hadi watu wakasahau kushonesha, na sisi mafundi tukabaki kupunguza suruali za Wazungu warefu tusiowajua. Kwa kupunguza suruali hizo nikajinunulia simu, kisha nikamnunulia mama nyingine kuukuu, nzito, yenye kipembe cha antena.

Mama alikuwa akiishi Kimamba, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba. Wazee wetu walitoka mbali kuja kukata mkonge. Mkonge ukadorora, shamba likauzwa, wao wakabaki na mahindi, kunde na adabu. Hasa adabu. Kwetu mtoto aliyepita mbele ya mkubwa bila kusema shikamoo aliitwa arudi kutoka popote alipofika, hata kama ni mlangoni pa choo na ana haraka zake, aanze upya.

Basi nikaenda na simu yangu ya zawadi na masomo yangu. Somo la kwanza lilikuwa mahali pa kuiweka, maana ndani ya nyumba mtandao haukuingia. Nilizunguka uani nimeinua mkono juu hadi majirani wakauliza kama nimepandwa na mashetani, na mwishowe nikaupata mtandao chini ya mpera. Hatua moja kushoto, haupo. Nikashona kifuko cha kitenge, nikakitundika kwenye tawi, simu ikawa inashinda humo. Kuchaji ni kwa jirani mwenye betri ya gari. Kijani kupokea, chekundu kukata. Mama aliitikia yote kwa kichwa, kwa heshima ile anayompa daktari ambaye dawa zake hatazimeza.

Vocha nayo ilikuwa na somo lake. Nilimwambia kwangua taratibu, kwa ukucha. Yeye aliona ukucha ni kazi ya wavivu, akachukua kisu anachoparia samaki, akakwangua hadi karatasi ikatoboka. Nilipomwuliza namba ziko wapi, alinishangaa. "Si wewe uliyesema nikwangue?"

Na bipu je! Nilimweleza kwamba akiwa hana salio anipigie, iite mara moja, akate, mimi nitampigia. Akaniangalia kwa huruma. "Yaani nibishe hodi halafu nikimbie? Huo si mchezo wa watoto wa hapo stesheni?" Hakuwahi kubipu mtu, na waliombipu yeye aliwasema vibaya msikitini.

Nikarudi Mikumi kifua mbele. Siku ya pili yake nikapiga simu, ikaita, ikapokelewa. Nikasema, "Hallo!" Kimya. "Hallo, mama?" Kimya, na nyuma yake kuku anatetea kwamba ametaga. Nikakata, nikapiga tena. Ikapokelewa tena, kimya kilekile, kuku yuleyule. Nikapuliza simu yangu, nikaipiga kofi, nikaipandisha juu ya cherehani. Wiki nzima nilimlaani aliyeniuzia simu ile, nikamwita mwizi mbele ya wateja. Jumamosi nikadandia lori la kwenda Kilosa, nikala vumbi hadi mjini na kutoka hapo hadi Kimamba, niende kuona simu imeharibikia wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, hajainua macho kwenye ungo wake. "Kumbe unaijua."

Simu ilikuwa nzima. Mama ndiye aliyekuwa amekasirika. Alikuwa akipokea kila mara, akiiweka sikioni vizuri kama nilivyomfundisha, na akisubiri. Alikuwa akisubiri shikamoo yake. "Unanipigia hallo, hallo, kama mtu anayefukuza kuku. Mimi ni rika lako?"

Nikamweleza kwa upole wa kujilazimisha kwamba kwenye simu anayepokea ndiye anayetangulia kusema. Ndiyo kanuni, nikasema, dunia nzima.

"Anayepiga ndiye amekuja kwangu?"

"Ndiyo."

"Basi ndiye anayebisha hodi. Mimi niko ndani kwangu. Tangu lini mwenye nyumba akajipigia hodi?"

 Nikakubali yaishe. Kuanzia siku hiyo nikawa nikimpigia naanza na shikamoo kabla hata sijajua kama amepokea. Ndipo akanifungulia mlango wa maneno: hujambo, watoto hawajambo, kibanda hakijambo, mvua ya huko je, na mimi namwuliza mahindi, kunde, mguu wake, jirani wa kulia, jirani wa kushoto. Salio likawa linakwisha kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe. Kwa mwaka mzima nilijua hali ya kila kiumbe Kimamba, na siku alizopiga mama mwenyewe, sikujua alichonipigia.

Yote haya yangebaki kichekesho cha nyumbani, isipokuwa nilikuwa na mdogo wangu wa kiume.

Shamba la mkonge lilipouzwa, yeye alitaka kwenda Dar es Salaam kuuza mitumba. Mama alitaka abaki alime shamba aliloacha baba. Walizozana jioni nzima, na maneno yakatoka ambayo mama na mwana hawapaswi kuambiana. Asubuhi mama alikuwa anafagia uwanja. Kijana akatoka na begi, akapita mbele yake, akaelekea stesheni. Hakusema shikamoo. Mama aliacha kufagia, akasimama na ufagio mkononi, akimngoja arudi aanze upya kama alipokuwa mdogo. Alisimama hadi treni ikapiga honi.

Watu walipomwuliza baadaye, hakusema mwanangu ameondoka. Alisema, "Alipita. Hakuniamkia." Miaka ikapita, na jina lake likaacha kutajwa pale nyumbani. Lakini kila sikukuu mama alipakua sahani moja zaidi, akasema amekosea hesabu, na sisi tukajifanya tumeamini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Sasa siku moja basi la Iringa likasimama Mikumi, akashuka mtu wa kwetu Kimamba, mkanda wa begi lake umekatika. Nikawa namshonea huku tunaongea. Akasema amemwona mdogo wangu Dar, sokoni, amekonda lakini mzima, na yeye mwenyewe ndiye aliyempa namba ya mama.

"Na amempigia, dada. Zaidi ya mara moja."

Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani. "Mama hajaniambia."

"Hajui. Kijana anapiga kutoka vibanda vya simu, leo hiki, kesho kile. Anasema mama anapokea, anamsikia anapumua, anasikia kuku, lakini mama hasemi neno. Anasema ni hasira, ameshajua kuwa ni yeye."

"Na yeye anasema nini?"

"Naye hasemi. Anaogopa. Anataka asikie kwanza sauti ya mama ikoje. Ameniambia Jumapili baada ya adhuhuri atajaribu tena, na akinyamaziwa, basi, hatamsumbua tena."

Nilicheka, halafu nikajikuta nalia, na mtu wa watu akadhani nimejichoma sindano. Watu wawili wameshika simu, huyu anasubiri hallo, yule anasubiri shikamoo, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye mwenye moyo mgumu! Na simu ya kibandani huwezi kuipigia umwambie mtu, hebu salimu wewe. Ilibaki njia moja tu: Jumapili mama atangulie kusema.

Jumamosi nikawa Kimamba tena. Nikamsimulia kila kitu. Alisikiliza huku akipeta mchele, na mikono yake haikusimama, ila mchele mwingi ulimwagika.

"Kama ni yeye," akasema, "si aseme shikamoo."

"Anaona haya, mama."

"Haya alikuwa nayo wapi siku ile aliyopita hapa?"

"Sema hallo tu. Neno moja."

"Hallo si salamu. Haina jibu. Ukimwambia mtu hallo naye anakwambia hallo, mnabaki mmesimama palepale kama mbuzi." Akaweka ungo chini. "Mimi nilimzaa, sasa nimwamkie mimi? Nikianza mimi, nitakuwa nimemfundisha kwamba mtu anaweza kupita mbele ya mama yake na dunia ikaendelea."

Nikakasirika. Nilimwambia adabu yake itamzika peke yake, na sijutii, maana ilikuwa kweli. Akaniambia nikalale. Nilimsikia kupitia ukutani akigeuka huku na huku, kitanda cha kamba kikimlalamikia.

Jumapili hakuna aliyetaja simu. Lakini simu alikuwa ameipeleka kwa jirani asubuhi na mapema ikachajiwa, na alipika mapema kuliko kawaida. Baada ya kuswali adhuhuri akatoa mkeka, na wala hakuuweka barazani anapokaa siku zote. Aliutandika karibu na mpera. Mimi nikakaa barazani nikijifanya nachambua kunde. Kila kuku aliyepita pale alifukuzwa.

Simu ikaita.

Mama akasimama. Kwanza akafunga khanga yake upya, akajitanda ya pili vizuri kichwani, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni mlangoni. Mimi roho juu, nikawa nakemea kimoyomoyo, pokea, pokea, itakatika! Akatoa simu kwenye kifuko, akabonyeza kijani, akaiweka sikioni.

Akanyamaza.

Nikasimama, kunde zikamwagika. Nikampungia mikono, nikamwonyesha mdomo wangu, nikatamka hallo bila sauti, nikautanua mdomo kama mtoto anayejifunza irabu. Mama akaniona, akanipa mgongo. Nilibaki natazama mabega yake. Nilijua kwamba huko Dar kuna mtu amesimama kwenye kibanda na anasikia pumzi ya mama yake, na anajiandaa kurudisha simu mahali pake.

"Marahaba," mama akasema.

Sikuelewa. Nilidhani kijana amesalimu. Lakini mama akatulia, akasikiliza kile kimya, kisha akasema tena, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wadogo tukiugua malaria.

"Marahaba, baba. Nimeshaitikia. Marahaba."

Hapo ndipo niliposikia kelele ndani ya simu. Kutoka barazani niliisikia, sauti ya mtu mzima imepasuka, inasema shikamoo mama, shikamoo mama, shikamoo, bila kituo, kama mtu anayelipa zile zote za miaka iliyopita. Na mama anaitikia kila moja. Hakuruka hata moja. Mimi mtoto wa mjini, mwalimu wa simu, nilikaa chini juu ya kunde zangu nikalia kwa kwikwi.

Halafu mama akaanza: hujambo, kifua chako hakijambo, unakula, unakula nini, anakupikia nani, mvua ya huko je. Nikajua tumekwisha. Nikakimbia hadi mperani, nikamnong'oneza mwulize anakuja lini, mama, mwulize anakaa wapi, mwulize! Akanisukuma kwa kiwiko. Alikuwa anamweleza habari za jirani wa kushoto simu ilipokatika, muda wa kibandani umekwisha.

Akaitazama simu. Akabonyeza chekundu, ingawa hakukuwa na cha kukata, maana ndivyo nilivyomfundisha. Akairudisha kwenye kifuko, akafunga kamba.

"Amesema anakuja lini?" nikamwuliza.

"Sijamwuliza."

"Anakaa wapi sasa?"

"Sijamwuliza."

"Sasa mama, muda wote huo amekwambia nini?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kutumia simu.

"Ameniamkia," akasema.