Siku Niliyopita Mlangoni

Nilikuwa mshambuliaji, namba tisa, kwa miaka kumi na moja. Watu wakisikia hivyo wanafikiria magari na televisheni. Hapana. Nilicheza katika ekipe, yaani timu, sita: tatu za hapa Goma, moja ya Butembo, moja ya Bukavu, na moja ng'ambo ya mpaka, na hakuna hata moja iliyonililia nilipoondoka. Sikuwa mbaya. Nikisema nilikuwa mzuri sana nitakuwa mwongo. Nilikuwa na kichwa kizuri kwa mipira ya kona, na mguu wa kulia ulijua kazi yake. Mbio zilinipungukia mapema. Shuleni niliishia mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo nikipotea njia katika kuandika, anayesoma anivumilie.

Nataka kueleza mechi moja tu, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza, na kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikiieleza vibaya.

Ilikuwa mechi ya mahasimu, sisi na ekipe nyingine ya mji. Wiki ile rais wa ekipe yetu alikuja mazoezini, akasimama mbele yetu na viatu vyake vya ofisini, akatuambia kuna mgeni anafika Jumamosi. Ni mtu wa kutafuta wachezaji, ametumwa na klabu kubwa ya kusini, moja ya zile zinazopanda ndege kwenda kucheza nje.

"Anatafuta numero neuf," alisema. "Ataangalia match moya, kesho yake anarudia. Mimi sina ingine ya kuwaambia."

Wote waligeuka kunitazama mimi, namba tisa wao. Mimi niligeuka kumtazama mwenzangu.

Mwenzangu huyo alikuwa namba tisa wa benchi. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, mtu wa milima ya Masisi, lakini alikulia Mugunga, kambini, chini ya shiti ya plastiki ya wakimbizi, na mama yake. Alikuwa na mbio ambazo mimi sikuwahi kuwa nazo. Tukiwa wawili aliniita yaya, maana yake kaka mkubwa. Tukiwa na wengine aliniita muzee, kwa sababu lisansi yangu, kadi ya mchezaji, ilisema nina miaka ishirini na minne, na ekipe nzima ilijua kwamba miaka hiyo niliiacha nyuma zamani.

"Muzee wa vingt-quatre ans," alikuwa ananitania kwa miaka hiyo ya lisansi, tukifunga viatu, "leo utaomba pension ku mi-temps?"

"Nitaomba mapumziko yakifika, na utanibebea fimbo."

Tulicheka. Nilimpenda, na sioni haya kuandika hivyo. Nilimwogopa pia.

Alhamisi tulifanya mazoezi Ndosho. Kiwanja kile ni mawe ya volkano yaliyopondwa, meusi. Ukianguka unainuka na alama za kukaa nazo mwezi. Niliruka kupiga kichwa, nikashukia mguu wa kushoto vibaya. Hakuna aliyenisukuma. Usiku kifundo kilivimba kikawa kama embe. Mama alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, akachana kitambaa cha kitenge, akanifunga. Aliniuliza kama nitacheza. Nilimwambia ni kitu kidogo.

Ijumaa kocha alituuliza. Lazima niseme kwamba kocha yule alikuwa mtu wa haki. Hakuwahi kumcheka mtu aliyeumia wala kumnyang'anya nafasi yake kwa hila. Alisema, "Kuko mutu mwenye kuumia? Aseme leo. Kesho sitaki kusikia kilio."

Nilitazama kamba za viatu vyangu. Nilijua nikifungua mdomo mwenzangu ndiye atacheza, na yule mgeni atamwona yeye. Nilijua pia kwamba mgeni mwingine hatakuja tena nikiwa bado na miguu. Kocha alingoja kidogo, halafu akaendelea na mambo ya kona. Sikulazimishwa na mtu. Nilinyamaza mwenyewe.

Sasa ni lazima nieleze jambo la ukuta. Kwetu, siku ya mechi kubwa, ekipe haipiti mlangoni. Watu wanasema wapinzani wametangulia kuzika kitu pale, na atakayekikanyaga ataingia uwanjani na miguu ya mtu mwingine. Kwa hiyo tunapanda ukuta wa nyuma, mmoja mmoja, golikipa akitangulia. Walokole wanapanda. Wakatoliki wanapanda. Na sisi Waislamu wa mtaa wa Birere, ambao babu zetu walikuja na biashara kutoka Maniema, tunasoma Fatiha na tunapanda. Sijawahi kumsikia mtu akisema waziwazi kwamba anaamini. Sijamwona pia aliyekataa kupanda.

Ukuta ule ni wa mawe, urefu wake watu wawili. Kupanda ningeweza, mikono yangu ilikuwa mizima. Kushuka upande wa pili ndiko kulikonishinda hata kukuwaza, maana chini ni mawe tena. Niliacha wenzangu watangulie. Nilipobaki wa mwisho nilisema ninakojoa, nawafuata. Halafu nikazunguka hadi mlango mdogo, ule wanaopita mama wauza sambusa. Mlinzi hata hakuniuliza tiketi. "Pita, papa," alisema.

Nilipita. Na kabla ya kujiunga na wenzangu niliinama, nikachukua vumbi jeusi, nikajipaka mikononi na magotini ili nionekane kama mtu aliyepanda ukuta. Jambo hilo la vumbi sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Kati ya yote niliyofanya siku ile, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mechi yenyewe naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Mgeni alikaa karibu na rais, kofia nyeupe kichwani, daftari gotini. Nilikimbia kama mtu anayevuka mto. Katika kipindi cha pili winga wetu alileta mpira mzuri sana kutoka kushoto, wa chini, na mimi nilikuwa peke yangu, hatua sita kutoka golini. Golikipa alikuwa amekwisha kuanguka. Ili kupiga kwa kulia ni lazima usimamie kushoto. Nilisimamia kushoto, na kushoto hakukuwa na kitu. Mpira ulikwenda juu hadi kwa wasuporta. Nilimsikia mama mmoja akisema, bila kupaza sauti, "Huyu anacheza na miguu ya maiti."

Tulifungwa moja bila. Mgeni aliondoka kabla ya filimbi ya mwisho. Baadaye mtu wa komite alitueleza aliloandika mgeni juu yetu: namba tisa ni mzito, benchi sikuiona. Hakumchukua mtu kutoka kwetu.

Jumatatu tuliitwa. Mzee wa komite anayeshughulika na mambo ya ukuta aliuliza swali moja tu. "Nani alipita ku mulango?"

Nikasikia sauti ya mwenzangu nyuma yangu. "Mi nilimuona muzee. Alipita kwa ba mama ba sambusa."

Kocha alinitazama. "Ni kweli?"

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningesema: ndiyo, kwa sababu nimeumia kifundo tangu Alhamisi. Lakini kocha angekumbuka Ijumaa, angejua nilimdanganya mbele ya macho yake. Nikaona kosa la mlango ni dogo. Niliwaza watanicheka, watanitoza kasha la soda, basi. Nikajibu, "Ni kweli. Nilichoka kupanda."

Hakuna aliyecheka.

Hawakunifukuza. Waliniacha nje ya orodha mechi moja, ya pili, ya tatu, hadi msimu ukaisha na mimi nimevaa tracksuit. Mwenzangu alivaa tisa. Alifunga mabao, na mengine yalikuwa mazuri. Nilipiga makofi, na sikuyapiga kwa kujilazimisha kila mara. Baba yangu, ambaye maisha yake yote alisema dawa za uwanjani ni ujinga wa watu wasioswali, alikaa nami siku moja dukani, akaniuliza, "Lakini kwa nini haukupanda na wenzako?"

Nilikwenda Butembo. Wiki ya tatu walijua. Nilikwenda Bukavu, siku ya kwanza golikipa alinisalimu vizuri, akageukia wengine akininyooshea kidole, akasema, "Njo huyu wa mulango." Tukifungwa walinitazama miguu. Tukishinda walisema tumeshinda ingawa mimi nilikuwapo. Ng'ambo ya mpaka hakuna aliyenijua, na nilicheza miezi minane mizuri, pengine mizuri kuliko yote, mpaka beki mmoja wa Goma alipofika pale kutafuta kazi. Simlaumu. Alisema tu alichokisikia. Niliacha mpira mwaka uliofuata. Naweza kusema goti, naweza kusema umri, na yote mawili yangekuwa kweli kidogo.

Miaka yote hiyo nilimwazia mwenzangu kwa namna moja. Nilijua nilimwibia ile Jumamosi. Kuhusu kunitaja mbele ya komite, nilimpa haki: aliulizwa, akasema alichoona. Mimi nilikuwa na nyumba ya baba Birere ya kurudia. Yeye alikuwa na shiti. Nilijiambia nikikutana naye nitamwomba msamaha.

Mwaka huu tumekutana. Mambo ya mji tangu vita kila mtu anayajua, hakuna ligi, viwanja vimekaa tupu. Nilisimamisha moto, pikipiki ya abiria, pale Birere niende Ndosho, na nilipokwisha kupanda dereva akageuka nusu.

"Muzee wa vingt-quatre ans."

Alikuwa amenenepa shingo. Tuliulizana habari za watoto, mama yake, nani amekimbilia wapi. Njia ilikuwa imejaa na tulikwenda polepole, kwa hiyo nikasema, nikiongea na mgongo wake. Nilisema, "Ile siku ya mugeni nilikuwa nimeumia. Kifundo. Sikusema kwa kocha. Ile match ilikuwa yako. Unisamehe."

Alikwepa shimo kwanza.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Muguu. Nilikuona Ijumaa ku choo, unafunga kitenge. Nilingojaka useme. Haukusema."

Nilitaka kushuka lakini tulikuwa katikati ya malori. Nikamwuliza kwa nini basi, mbele ya komite, hakusema habari ya mguu. Kwa nini alisema mlango.

Alijibu bila hasira, kama mtu anayekuonyesha njia. "Yaya, muguu inaponaka. Ungepona mu mwezi moya, unarudia ku nafasi yako, mimi narudia ku banc. Mulango haiponake." Halafu akaongeza, "Na wewe ulikubali. Nikawaza, basi, analipa."

"Sikuwa nalipa. Nilikuwa naficha."

"Mi ningejuaje?"

Alinishusha Ndosho, nikamlipa. Nimejaribu kumkasirikia. Kila nikianza, namwona Ijumaa ile amesimama nyuma yangu, anangoja mdomo wangu ufunguke, na maisha yake yote yako pale. Halafu najaribu kumsamehe, namkumbuka yule golikipa wa Bukavu. Siku moja ya kwake niliichukua mimi; yeye alichukua miaka yangu iliyobaki. Lakini labda siku ile ilikuwa na uzito kuliko miaka yangu, maana mgeni angemwona. Au asingemwona. Pengine naye angepiga juu. Sijui kupima vitu hivi.

Jioni nilimweleza mke wangu. Nilimwambia kwamba mwenzangu alijua nimeumia na akanisingizia mlango ili achukue nafasi yangu. Alikasirika kwa ajili yangu, akasema watu ni wabaya, akaniwekea chakula. Nilikula. Chakula kilikuwa kitamu na hasira yake ilinifanyia vizuri.

Siku ya pili, akipepeta mchele uani, nilimweleza habari ya Ijumaa ile, na ya vumbi pia. Hakuacha kupepeta.

"Basi bote babili mulikuwa bezi," alisema.

Nilitaka kumsahihisha, kwamba mimi ndiye niliyeanza kuiba. Jirani akaingia kuomba chumvi, nikamwacha aseme alivyosema.