Midomo ya Mwenzangu

Kiwandani kwetu Burnley, Uingereza, mitambo ya kufuma ilimeza kila sauti, basi tulizungumza bila sauti, tukisomana midomo tu. Bingwa alikuwa mwenzangu wa mtambo wa pili. Vumbi la pamba likielea kana kwamba tumo ndotoni, midomo yake mipana ilinitania: "Shoga, leo kakuchana nywele mumeo?" Wengine walijiziba mdomo kwa shali wakisengenya, wasisomwe. Yeye, kamwe. Jumapili nilimsindikiza kumwona binti yake katika hospitali ya homa, wanakotengwa wagonjwa wa kuambukiza. Muuguzi alituacha nje ya dirisha lililofungwa. "Hapo hatakusikia, mama." Mwenzangu akacheka; sauti ya nini kwetu? Ndani, binti huyo, Hettie, mfumaji kama sisi, akauliza kwa midomo: "Mama, nitapona?" Mwenzangu akaivuta shali taratibu, akajiziba mdomo.