Kovu Alilolifuta Kaka

Wifi yangu ana kovu la moto kwenye shavu la kulia, toka chini ya jicho mpaka kwenye taya. Maji ya moto yalimmwagikia akiwa mtoto wa kutambaa. Watoto wa chekechea aliokuwa akiwafundisha walipenda kulishika na kumwuliza kama linauma. Aliwaambia lilishalala zamani, wasiliamshe.

Kaka yangu, marehemu mumewe, alikuwa mpiga picha. Dukani kwake hakutoka mtu na chunusi. Bibi harusi alitoka hana hata kipele, mzee alitoka na meno meupe kama ya mtoto. Na mkewe kila alipompiga picha, kazi ya kwanza ilikuwa kulifuta lile kovu kwenye kompyuta. Hakuna aliyemtuma. Wifi naye alizipokea tu na kuzitundika ukutani.

Ikatoka amri kwamba asiye na cheti hatafundisha tena chekechea. Wifi akajiandikisha kwenye chuo cha kusomea kwa kompyuta, mtu akiwa nyumbani. Chuo kikataka picha. Kaka, wakati huo kifua kimeshambana, akajikongoja akampiga. Ndiyo picha yake ya mwisho. Tulimzika masomo yakiwa bado mabichi.

Mtihani aliufanyia kwangu, maana chumba changu cha kushonea kina mlango unaofungika. Sharti lao mtu awe peke yake mbele ya kamera. Ikisikika sauti ya mwingine, mtihani unafutwa. Nikatoa cherehani, nikampangusia meza.

"Ukipata cheti usije ukanisahau," nikamtania.

"Nikusahau wapi, wifi? Nitakuajiri unifagilie darasa."

"Kwa magoti haya? Utafagia mwenyewe."

Akaingia akicheka. Mimi nikakaa nje ya mlango nikimwombea.

Nikasikia sauti ya kijana, ndiye msimamizi, ikitoka kwenye kompyuta. Alimwambia atazame kamera, ageuke kulia, ageuke kushoto, arudie tena. Akamwambia aoneshe kitambulisho.

"Mama, wa kwenye kitambulisho ni wewe. Ila aliyejiandikisha chuoni ni mtu mwingine."

"Ni mimi, mwanangu."

"Huyu wa kwenye picha hana kovu."

"Alilifuta mume wangu. Alikuwa mpiga picha."

"Anaweza kututhibitishia hilo?"

"Amefariki."

"Pole, mama." Nilimsikia, kijana wa watu alisikitika kweli. "Lakini mashine imekukataa, na mimi siwezi kukufungulia mtihani. Hapa inasema umekuja kumfanyia mtu mtihani."

Mimi niliyemvika wifi shela siku ya harusi yake, ushahidi wote ulikuwa mdomoni mwangu. Nikashika kitasa. Nikakumbuka sauti ya pili inafuta mtihani, nikakiachia taratibu. Shahidi aliyebaki humo ndani ni Mungu, na Yeye kamera yao haimwoni.

Wifi aliandika kukata rufaa. Wakamjibu apeleke picha mpya isiyosafishwa, asubiri mwakani. Shule haikusubiri. Akaletwa mwalimu mwenye cheti, binti mpole, hana kosa lolote. Wifi wakampa ufagio ili asitoke mikono mitupu. Utani wangu wa siku ile bado unanichoma. Watoto bado wanamkimbilia washike shavu, na mwalimu wao anawaita warudi darasani.

Picha mpya hajapiga. Mara mbili nimemsindikiza mpaka mlangoni kwa mpiga picha, mara mbili amegeuka akarudi.

Juzi nilikwenda kumjulia hali. Nikamkuta ameteremsha picha zote ukutani, amezilaza kitandani kifudifudi.

"Wifi," akasema, "wewe ni damu yake, nikuulize wewe. Kila asubuhi alinitazama usoni, akaniuliza nimeamkaje. Alikuwa akimwona nani?"

Nikafungua mdomo nimtetee ndugu yangu, kwamba alifanya kwa mapenzi. Ni kweli, alimpenda. Lakini nilipomtazama wifi nikaona hilo si jibu la alichouliza.

Nikamsaidia kuzifunga zile picha kwenye shuka, tukazisukuma uvunguni. Misumari tumeiacha ukutani.